Ile Soo Uliyoacha Mezani Ilienda Wapi?

Mwezi jana niliweka video ya dakika moja na nusu nikisema mtu asinipee presha ya tipu. Wengi wenu mliiona. Nilikuwa nimesimama pale stendi ya Bombolulu, tuktuk zinapiga honi nyuma yangu, nikasema hivi: chakula nimelipa, mshahara wa weita ni kazi ya mwenye hoteli, na kama hawezi kulipa watu wake afunge biashara akauze maji. Mkaipenda. Mkaisambaza. Kuna mmoja akaandika "huyu mtoto wa Ziwa la Ng'ombe amemaliza kila kitu," na mimi usiku huo nikalala nimefurahi kama nimeitwa redioni.

Siku ya tatu binamu yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Dakika saba. Huyu ni mtu wa maneno machache, hata kwenye harusi yake alisimama akasema "asanteni" akakaa. Dakika saba kutoka kwake ni hotuba ya Bunge, nikajua nimeharibu mahali.

Yeye yuko melini. Si meli ya mizigo, meli ya watalii, yale magorofa ya kuelea mnayoyaona Kilindini msimu wa kaskazi, wazungu wazee wanateremka na kofia, wanapelekwa Fort Jesus, jioni wanarudishwa. Ni weita wa baa. Kampuni siitaji, juu bado anataka mkataba mwingine na mimi sitaki shemeji aninunie.

Alianza pole pole. "Mdogo wangu, video yako nimeiona. Umesema vizuri. Sasa skiza vile hayo maneno yako yanafanya kazi huku."

Kwanza lazima muelewe melini tipu inavyokwenda, manake si kama hapa kwetu. Kwenye kampuni nyingi kubwa hakuna kusubiri abiria ajisikie. Inakatwa kila siku, kila kichwa, inaingia kwenye bili ya kabini. Royal Caribbean kwa mfano, tangu Novemba 2024, inakata dola 18.50 kwa mtu mmoja kwa siku, na hiyo ni kabini ya kawaida, za kifahari ni 21. Mke na mume wakikaa wiki moja ni dola 259. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni kama elfu 33 za Kenya, na hawajanunua hata soda. Wakinunua kinywaji baa, asilimia 18 nyingine inapanda juu ya bei.

Hiyo pesa ya kila siku haiendi kwa mtu mmoja. Inaingia chungu kimoja, wanagawana waliotandika kitanda, walioleta chakula, na wengine ambao abiria hatawaona mpaka anashuka: waosha vyombo, watu wa dobi, vijana wanaoshinda ndani ya tumbo la meli hawajui nje ni mchana ama usiku. Binamu yangu alifanya miezi yake ya kwanza huko chini kabla hajapandishwa baa. Anasema ukienda Instagramu unaona meli ni bahari na bwawa la kuogelea, lakini yeye kuna wiki ilipita bahari aliiskia tu kwa masikio.

Sasa shida iko hapa. Kwenye kampuni nyingi abiria ana ruhusa ya kwenda dawati la huduma akasema, ile ada ya tipu iondoeni. Hatafukuzwa, hataulizwa sana. Na binamu yangu anasema usiku wa mwisho wa safari ile foleni ya dawatini wafanyakazi wote wanaijua. Wanapita nayo pembeni na trei wakijifanya hawaioni.

Akanipa kisa cha wazee wawili, mtu na mkewe. Siku 14, kila jioni viti vilevile, pembe ileile ya baa. Wakijua jina la mtoto wake. Wakamuuliza maneno ya Kiswahili, akawafundisha "lala salama," wakawa kila usiku wanamuaga hivyo mbele ya watu. Siku ya mwisho wakamkumbatia, wakapiga picha, yule mama machozi yakamtoka. Asubuhi rafiki yake wa dawatini akamwambia: wale wazee wako walikuja saa nne usiku wakaondoa yote. Sababu waliyotoa ni kwamba mshahara wa wafanyakazi ni jukumu la kampuni.

"Mdogo wangu," akasema, "nilipoiona video yako niliskia ni wewe uliyekuwa kwenye ile foleni."

Hapo nilisimamisha ujumbe nikatoka nje kununua maji. Maji yalikuwepo ndani.

Niliporudi nilimjibu. Nikamwambia kaka, lakini wale wazee hawakukosea kwa hoja, kampuni ndiyo inafaa ilipe. Akacheka, akanieleza mkataba wake. Kuna kiwango cha mwezi ambacho kampuni imeahidi hakitashuka. Zile tipu za chungu zinahesabiwa ndani ya hicho kiwango, si juu yake. Zikipungua, kampuni inajazia mpaka pale. Zikipita pale, hapo ndipo anapoona chake cha ziada. Kwa hivyo abiria wakiondoa, hafi njaa. Anachopoteza ni ule mwezi mzuri. Na ule mwezi mzuri ndio uliomfanya aache mke na mtoto wa miaka miwili Kisauni kwa miezi minane, manake kile kiwango peke yake angeweza kukitafutia hata huku nchi kavu na alale kwake.

Ongeza masaa. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, Kenya iliuridhia 2014, na huo ndio unaolinda mabaharia. Unaolinda, eeh. Unaruhusu mtu afanye kazi mpaka saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Gawanya 72 kwa siku saba. Ni zaidi ya saa kumi kila siku, hakuna Jumapili, hakuna Idi, mkataba mzima. Hicho ndicho kiwango cha kisheria, si malalamiko ya mtu.

Sasa sitaki mfikirie nimegeuka. Bado naamini mwenye biashara ndiye anafaa kulipa mtu wake. Hata nilipoanza kusoma hii kitu baada ya ule ujumbe, hasira yangu iliongezeka, ila ilibadilisha mwelekeo.

Juu tipu kuwa mshahara haikuanguka kutoka mbinguni. Kule Marekani, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1865, kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala ilichukua watu weusi waliotoka utumwani ikawafanya wahudumu wa treni. Mshahara ulikuwa mdogo makusudi, kwa hesabu kwamba abiria atajazia kwa tipu. Abiria wengi hata jina la mhudumu hawakuuliza, waliwaita wote "George," jina la mwenye kampuni, vile mtumwa alivyokuwa akiitwa kwa jina la bwana wake. Wale wahudumu waliunda chama chao 1925, A. Philip Randolph akawa kiongozi, na ikachukua miaka 12, mpaka 1937, kampuni kutia sahihi mkataba nao. Miaka 12 ya kupigania, pamoja na mambo mengine, mshahara ambao mtu anaweza kuuhesabu kabla mwezi haujaisha.

Na bado. Leo hii sheria ya serikali kuu ya Marekani inaruhusu mfanyakazi wa tipu alipwe dola 2.13 kwa saa, tipu zijazie kufika kima cha chini. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Mimi sikuwa nimezaliwa, mama yangu alikuwa shule. Kuna majimbo yanalipa zaidi, ndiyo, lakini hiyo ndiyo sakafu. Sasa chukua hiyo tabia, iweke ndani ya meli. Ofisi iko Miami, bendera ya nyuma ni ya Bahamas ama Panama ama Malta, na anayebeba trei ametoka Kisauni. Ukitaka kushtaki, unaanzia wapi?

Kwa hivyo yule mwenye kampuni anakulaje? Anakula kwa sababu mimi na wewe tunabishana. Abiria anasema kampuni ilipe, kampuni inasema abiria atatoa, na katikati kuna jamaa amesimama na trei. Nikikataa kutoa tipu, mwenye kampuni hata haskii. Anayeskia ni yule wa trei. Hilo ndilo nililokosea kwenye video. Nilimpiga mtu ambaye hakuwa kwenye ugomvi.

Na cha aibu zaidi, mimi mwenyewe nimebeba trei.

Hii sijawahi kuisema hapa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, na mambo mengine ambayo leo si siku yake) niliingia hoteli moja huku pwani ya kaskazini kama weita wa kibarua. Miezi minane. Jina la hoteli mtakaa nalo mkilitafuta kwenye komenti, mimi sisemi. Ndio mjue sisemi haya kama mtu wa kusoma vitu kwa simu.

Kulikuwa na sanduku la tipu kaunta. La mbao, na kufuli. Ufunguo alikuwa nao supavaiza. Kila Jumapili usiku anaingia nalo ofisini, anafunga mlango, anatoka na bahasha. Tulikuwa watu 14. Mara mia mbili kila mmoja, mara mia na hamsini. Na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukizitia zile noti mule, tuliona rangi zake. Hakuna aliyeuliza. Ukiuliza, wiki inayofuata jina lako haliko kwenye ratiba, na kibarua asiye kwenye ratiba hajafutwa, hajaitwa tu.

Lakini kilichonikaa moyoni si sanduku. Ni till.

Wikendi ya Pasaka, familia imetoka Nairobi, meza ya watu tisa, watoto wanamwaga juisi kila dakika tano. Niliwahudumia kuanzia saa saba mchana mpaka jioni. Bili ikaja 7,400. Yule baba akalipa kwa simu kwenye till, akaweka 8,000, akaniambia kwa sauti mbele ya mkewe, "Hiyo mia sita ni yako kijana, umetuvumilia." Akanionyesha ujumbe kabisa. Nikashukuru. Mia sita kwangu siku hiyo ilikuwa zaidi ya kibarua cha siku.

Nikaenda kwa keshia. Akaniambia till ni ya hoteli, pesa imeshaingia kwa hoteli, itatoka mwisho wa mwezi na hesabu. Mwisho wa mwezi nikauliza, akasema haijaandikwa mahali. Nikamuuliza supavaiza, akasema "kwani una risiti?" Risiti ilikuwa kwenye simu ya mtu aliyesharudi Nairobi. Na usiku ule wa Pasaka wenyewe, nikiwa nimeshahesabu ile mia sita, nilikuwa nimempa mwenzangu shilingi zangu za mwisho anunue dawa ya mtoto. Nikafunga shifti saa tano usiku sina nauli. Nilitembea kutoka Shanzu mpaka Bamburi Mtambo na viatu vya kazi, ndipo nikapata makanga aliyenijua akanibeba bure mpaka Bombolulu. Kama unanisoma wewe makanga, bado nakukumbuka.

Fikirini hii kitu vizuri manake hakuna anayeizungumzia. M-Pesa ilikuja 2007, ikatusaidia, hakuna ubishi. Lakini zamani ulilipa noti, chenji ikarudi kwenye kisahani, ukaacha soo pale, weita akaichukua ikiwa bado na joto la mkono wako. Leo unalipa till shilingi kamili, 1,350 ni 1,350. Chenji imekufa, na bakshishi ikafa nayo. Na ukisema uongeze kwenye till, umemwongezea mwenye hoteli. Mfukoni kwa yule kijana haifiki mpaka mtu mwingine aamue kuwa mwaminifu.

Halafu kuna ule mstari wa chini wa bili, ulioandikwa "service charge." Wengi tukiuona tunasema basi, tipu nimeshatoa. Sheria ya VAT ya 2013 inaitambua hiyo ada pale inapotozwa badala ya tipu, na inaiondoa kwenye hesabu ya kodi, ila kwa masharti: igawiwe wafanyakazi moja kwa moja, kuwe na makubaliano ya maandishi baina yao na mwajiri, na isizidi asilimia 10. Yaani hata watoza ushuru, watu wasiosahau shilingi, wamesema hii tumewaachia wenyewe waliofanya kazi. Sasa nenda kamuulize weita wako kama amewahi kuona hiyo karatasi ya makubaliano. Mimi miezi minane sikuiona. Ziko hoteli zinagawa vizuri, nimefanya kazi na watu waliotoka huko, wanataja kiwango cha mwezi bila kufikiria. Lakini kama hujauliza, hujui uko kwenye hoteli gani.

Uingereza iliwabidi watunge sheria nzima kwa hili jambo. Tangu Oktoba 1, 2024, mwajiri kule lazima awape wafanyakazi tipu zote na ada zote za huduma, bila kumega, na awe na utaratibu wa kugawa ulioandikwa. Sisi tunahitaji hiyo. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Mombasa, kwa amri iliyoanza Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba. Toa kodi ya chumba, toa nauli ya kwenda Shanzu na kurudi siku 26, toa unga. Hiyo senti 75 sijui walimwekea nani.

Basi mimi nimeamua hivi, na nyinyi fanyeni mnavyoona. Nikikaa mahali nikahudumiwa, kabla sijalipa namuuliza aliyenihudumia kwa sauti ya chini: "Nikikuachia kitu, kinakufikia?" Jibu utaliona kabla hajafungua mdomo. Atatazama kaunta kwanza. Akisema kinafika, nafuata utaratibu wao. Akisita, nampa noti mkononi ama namtumia kwa namba yake mwenyewe, si till. Kama sina noti naitafuta. Na nikiona ada ya huduma kwenye bili nauliza meneja inagawiwa vipi, kwa adabu, bila kurekodi video. Wakiulizwa na wateja kumi kwa siku, kuna siku mtu ataogopa.

Kuna wenye kusema tipu ni hongo ndogo, na kwamba sisi Wakenya tumeshazoea chai kila mahali. Hapana. Chai ya trafiki unatoa ili kazi isifanyike. Bakshishi unatoa kazi imeshafanyika na huna unachotaka tena, hata uso wake huenda usiuone tena. Wazee wetu walilitumia neno bakshishi kabla sisi hatujajua kuna kitu kinaitwa tipu, na ilitolewa kwa mkono, mbele ya watu, kwa anayeistahili.

Mwingine atasema hana. Kama huna, huna. Wewe mwanafunzi umechangishana na wenzako chipsi za mia mbili, hakuna anayekudai. Nasema na sisi wengine. Nasema na yule msee wa Jumamosi Mtwapa, anaagiza chupa ya thao tano yenye cheche za moto juu, simu tatu zinamrekodi, halafu ikifika saa ya kulipa anasimama pale anasubiri chenji ya finje. Ile chupa ilibebwa na msichana aliyesimama kwa viatu virefu tangu saa mbili usiku, na wewe umeshamshika mkono mara mbili akakuvumilia. Mwache na hiyo finje. Weka na soo mbili juu. Na mkono wako ukae kwako.

Nyumbani ilikuwa na mambo yake pia. Mama hakupenda mimi kubeba pombe, na siku moja aliniuliza kama pesa ya tipu ya baa inaingia kwenye sufuria yake. Nilimwambia ni ya meza za chakula. Kuna siku ilikuwa kweli. Binamu yangu alipopata kazi ya baa melini, mazungumzo hayo yalifanywa na wajomba, kikao kizima, mwishowe bibi akasema mtoto ana mke na mtoto, nyinyi mna nini cha kumpa? Kikao kikaisha hapo.

Nije kwa nyinyi mnaoniandikia kila wiki mkitaka namba ya ajenti wa meli. Nawaelewa. Nimezunguka hapa mtaani, kila nyumba ya tatu kuna mtu mwenye cheti cha hoteli na hana hoteli. Na kampuni zinachukua Wakenya kweli, MSC imekuwa ikiajiri vijana wetu kwa miaka kadhaa sasa. Lakini jueni kwamba chambo cha ajenti wa uongo ni tipu. Hatakwambia mshahara ni mkubwa, utamshuku. Atakwambia "mshahara ni wa kawaida, lakini tipu, mwanangu, tipu ni dola mia kwa siku," na hapo hapo anakuambia leta elfu themanini ya kushughulikia makaratasi.

Ule mkataba wa 2006 niliosema unamkataza yeyote kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachojilipia ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia, na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Mtu akikutaka pesa ya "nafasi," huyo si ajenti. Na ajenti wa kweli lazima awe na leseni ya Kenya Maritime Authority, ofisi zao ziko hapa hapa Mombasa, kaulize kabla hujauza simu ya mamako.

Ukishafika kwenye mkataba wenyewe, uliza jambo moja na usiondoke bila jibu: tipu ziko ndani ya kiwango mlichoniahidi ama juu yake? Na je, imeandikwa? Binamu yangu hakuuliza. Aliona tarakimu ya dola akatia sahihi. Alielewa mwezi wa pili, akiwa katikati ya bahari, na huko huwezi kushuka Kiembeni useme nimebadilisha mawazo.

Ile video sijaifuta. Nilitaka kuifuta, binamu akasema iache, watu waone ulivyoanza. Nimebandika komenti juu inayowaleta hapa. Tulivyomaliza kuongea nikamuuliza kama wale wazee wawili walimwachia chochote. Akasema ndiyo, walimwachia bahasha chini ya glasi. Ndani kulikuwa na ile picha yao watatu na karatasi iliyoandikwa "lala salama."

Jana asubuhi nilikunywa chai kwa mama mmoja hapa Ziwa la Ng'ombe, kibanda cha mabati, chai na mahamri na mbaazi, shilingi 90. Nikampa msichana aliyenihudumia soo mbili, nikainuka nikaenda zangu. Nimefika barabarani naskia mtu anakimbia nyuma, ndala zinapiga chini. "Kaka, kaka, umesahau chenji yako!" Nikamwambia sijasahau, ni yako. Akanitazama kama nimemtongoza. Nikamwambia tena, umenihudumia vizuri, chukua. Akageuka kwanza akaangalia kule kibandani kama mwenyewe anatazama, ndipo akaikunja akaitia ndani ya leso.